Kuvrefe Ikiisha

Juzi nilipita mbele ya kibanda cha dobi, nina haraka zangu, na miguu ikagoma kuendelea. Dobi alikuwa amelinyunyizia maji shati la mwanamume na sasa alikuwa analipitishia pasi ya makaa. Mvuke ukanijia usoni: pamba mbichi, moshi kidogo, na chini yake jasho la mtu ambalo sabuni haikuweza kulimaliza. Nilisimama pale kama mjinga. Dobi akaniuliza kama nina nguo za kuchukua, nikasema sina, nikaenda zangu. Lakini siku ile nzima mwili tu ndio uliokuwa kazini. Mimi nilikuwa kwetu Gihosha, umri wa kung'oka meno ya mbele, na Mama alikuwa ameshika mkasi.

Sipendi kukumbuka mambo ya vita. Waliokua pamoja nami Bujumbura wananielewa. Tukikutana harusini tunawasema walimu waliotuchapa na mapera tuliyoiba kwa watu, na yale mengine tunayapita kando kama shimo la barabarani ambalo kila dereva wa mtaa analijua. Hili nalisema kwa sababu ya shati la dobi tu, maana nisipolisema litanikaa rohoni.

Nyumba yetu ilikuwa mlimani, na baraza yake ilitazama chini. Mchana uliyaona mabati ya mtaa wa Kamenge yakimetameta, na ukigeuza shingo kushoto, ziwa. Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini, mtu mrefu, mpole, mwenye mizaha ambayo ilikuchukua muda kujua kama ni mizaha. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa amezaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, katikati ya mafundi wa cherehani, ndiyo sababu nyumbani tuliongea Kiswahili wakati majirani zetu wote waliongea Kirundi, na ndiyo sababu hakuweza kuona kipande cha kitambaa chini asikiokote.

Kuokota vipande ulikuwa ugonjwa wake. Jumamosi alishuka Buyenzi kwa wale mafundi aliokua nao, wakamwekea mabaki ya vitenge, ncha za mashuka, mikono ya magauni iliyokosewa. Nyumbani alivikata kwa kufuata kipande cha boksi la sabuni, miraba na pembetatu, akavipanga sakafuni, akavipanga upya, akatuita tuseme kama rangi hii inapatana na ile. Baba alijibu kila mara kwamba zinapatana kama mke na mume, yaani inategemea siku. Vipande viliungwa kwa mkono. Vikishaenea kitanda, chini yake liliwekwa blanketi kuukuu, na chini ya blanketi kitambaa cha amerikani, kisha tabaka zote tatu zikapigwa bandi zisihame. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, sindano ikishuka mpaka chini na kupanda tena, mstari kwa mstari, wiki kwa wiki, mpaka siku ya kuzungusha upindo. Sisi tuliita kitu hiki kuvreli, jina la Kifaransa la nguo ya kufunikia kitanda. Hakuuza hata moja, na watu walimsihi. Alisema akianza kuuza itageuka kazi, na kazi anayo tayari, imejaa watoto wa watu.

Alikuwa na mwiko mmoja, aliorithi kwa bibi yake. Nguo ya mtu aliyesafiri haikatwi. Hata iwe imechanika vipi, hata iwe tambara la kudekia, madhali mwenyewe yuko njiani mkasi haugusi. Dada aliyetusaidia kazi za nyumbani aliwahi kwenda kwao kwa sikukuu akaacha sketi iliyooza, yenye maua ya njano ambayo Mama aliyamezea mate. Aliifua, akaianika, akaikunja, akamngoja mpaka aliporudi, ndipo akamwomba. Nilipomuuliza kwa nini asiikate tu, alisema, "Ukikata nguo ya mutu ambaye iko safari, unamukatia njia. Atarudi kupitia wapi?" Nililipokea jambo hilo kama nilivyopokea kwamba moto unaunguza.

Na moto wenyewe ndio uliokuja kunichanganya.

Baba alikuwa ananifundisha Kifaransa asubuhi wakati ananyoa ndevu, neno moja moja, akinitazama kupitia kioo. "Li" ni kitanda. "Fe" ni moto. Mimi nilizaliwa na masikio makubwa na akili yenye haraka, mchanganyiko mbaya kwa mtoto. Kwa hiyo kuvreli nikaielewa vizuri, ni ya kufunika kitanda. Kisha likaja neno jingine ambalo watu wazima wote walikuwa nalo mdomoni, kuvrefe. Kila mmoja wenu anajua maana yake, amri ya serikali kwamba giza likiingia mtu asionekane nje. Mimi hakuna aliyenieleza. Nilichojua ni kwamba kila jioni Baba alifunga mlango, akapitisha komeo, akasema, "Haya, kuvrefe imeanza." Na kila jioni, mara tu akishasema hivyo, Mama alivuta kikapu chake chini ya meza na kutandaza ile kazi kubwa aliyokuwa akiishona.

Ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kushona, na fundi mmoja alikuwa amempa mabaki mengi ya kitenge chekundu, kwa hiyo ilikuwa nyekundu pia kuliko zote. Jioni nyingine, kabla Baba hajavuta pazia, niliona huko chini Kamenge nyumba zinawaka. Sikuogopa kama nilivyopaswa. Nilitazama moto kule, nikatazama mapaja ya Mama hapa, na hesabu ikakubali. Kuvreli ni ya kufunika kitanda, kuvrefe ni ya kufunika moto. Mama anashona kuvrefe. Ikiisha, watu wenye nguvu wataibeba kwa pembe zake nne, watashuka nayo, wataitandaza juu ya Kamenge, na moto utazimika kama tunavyozima jiko kwa gunia lililoloweshwa. Niliona fahari kwamba kazi kama hiyo amepewa mama yangu, na sikushangaa kwamba watu wote wanaizungumzia.

Kisha ikaja alasiri moja ambayo Baba alirudi mapema kutoka kazini. Binamu yake wa Kamenge alikuwa ametuma mtu kusema anaumwa, hana wa kumtoa kule. Mama hakutaka aende. Walibishana chumbani kwa sauti za chini, na Baba akatoka amevaa shati la zamani la kijani. Lile la ofisini, jeupe lenye mistari myembamba ya buluu, alikuwa amelivua na kulitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Alisema huko mtu asionekane amevaa kama bwana. Alinifungua mdomo, akaangalia jino jipya limefika wapi, akasema linakuja kwa mwendo wa serikali. Akateremka njia ya vumbi bila kugeuka nyuma, maana hakuona sababu ya kugeuka.

Giza liliingia yeye hajaingia. Mama alipitisha komeo mwenyewe. Hakusema kwamba kuvrefe imeanza, na kikapu hakukigusa. Alikaa kitini ameelekea mlango. Nilimuuliza Baba yuko wapi, akanijibu bila kunitazama, "Kuvrefe imemukamata huko. Kuvrefe ikiisha atarudi." Alikuwa na maana ya alfajiri, watu wakiruhusiwa kutoka. Leo nalijua hilo. Wakati ule nilitazama kikapu chini ya meza, nikakumbuka kwamba upande mzima wa ile kazi ulikuwa bado haujajazwa vipande, na nikapata wasiwasi.

Asubuhi Baba hakurudi. Sikushangaa hata kidogo. Ingekuwaje arudi na kazi haijaisha?

Siku zilizofuata nyumba ilijaa watu, kisha ikaishiwa na watu. Kaka yake Baba, ambaye namwita Baba Mkubwa, mfanyabiashara wa mbao aliyekaa mtaa wa Kigobe, alizunguka kila alipoweza kuzunguka. Alirudi viatu vimejaa vumbi na mikono mitupu. Binamu hayupo, nyumba yake haipo, barabara imefungwa na askari, hakuna aliyemwona mtu mrefu mwenye shati la kijani, si mzima wala vinginevyo. Majirani walikaa barazani wakasema kile ambacho kila mtu alikuwa akikisema siku zile, kwamba mpaka kuvrefe iishe hakuna kitakachojulikana. Nami nilikaa katikati ya miguu yao nikisikiliza, na kila aliyesema hivyo alikuwa ananithibitishia.

Kwa hiyo nikaanza kumsumbua Mama ashone. Alikuwa ameacha kabisa. Akitoka kufundisha alikaa kwenye kile kiti, na mikono yake ililala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Nilimletea kikapu. Alikisukuma kwa mguu taratibu. Nilimletea tena kesho yake, na kesho yake. Nilisimama mbele yake nikamwambia, "Mama, shona," na alipokataa nililia kilio cha ukaidi, cha kulala chini. Jirani mmoja alisema mtoto huyu hana huruma, baba yake kapotea naye analilia matambara. Maneno yale yaliniuma, kwa sababu katika nyumba ile nilikuwa mtu pekee anayefanya jitihada.

Mwisho nikachukua sindano mwenyewe. Nilikaa sakafuni nikaunga vipande viwili kwa mishono mirefu iliyopinda, na kidole kikatoka damu ikaingia kwenye kitenge. Mama alinitazama muda mrefu. Mwalimu ni mwalimu. Hakuweza kuvumilia mishono ile. Alishuka kitini, akakaa kando yangu, akaichomoa yote, akanionyesha jinsi ya kushika, na alipokwisha kunionyesha hakusimama. Vidole vyake vilikuwa vimeshakumbuka. Toka jioni ile tulishona wawili, mimi nikitunga uzi na kupokeza vipande, yeye akiunga na papo hapo kuvishonea juu ya blanketi, bila kungoja vyote viishe kama zamani, na risasi zikilia mahali alikuwa anasimamisha sindano hewani, anasikiliza, anaendelea. Nilikuwa na furaha. Naona vibaya kulisema, lakini ni kweli kwamba nilikuwa na furaha jioni zile, maana niliona kazi inasogea.

Kisha vipande vikaisha. Buyenzi hakukuendeka tena kwa urahisi, na baadhi ya wale mafundi walikuwa wamekimbia na mashini zao. Mama akaanza kukata vya nyumbani. Likaenda pazia la jikoni. Ikaenda sare yangu iliyonibana. Kikaenda kitenge chake cha kanisani, alichokipenda, bila neno. Dada wa kazi naye alikuwa amekwenda kwao na safari hii hakurudi, na nguo zake zilibaki kwenye kifurushi juu ya kabati. Mama alizipita kila siku, na hakunyoosha mkono. Tulipofika pembeni, upande wa miguuni, palibaki nafasi ya mraba mmoja tu, na nyumba nzima haikuwa na kitambaa cha kuujaza isipokuwa kile kifurushi na lile shati nyuma ya mlango.

Lile shati halikuwa limefuliwa. Mama hakutaka maji yaliguse. Alikuwa anaingia chumbani, anasukuma mlango mpaka unamfunika, na anabaki huko nyuma. Mimi niliujua mchezo ule kwa sababu niliucheza pia, nikisimama juu ya ndoo. Harufu yake ilikuwa mafuta ya nywele, jasho la njia ya kupanda, na pasi. Kila wiki ilikuwa inapungua kidogo.

Nilimwambia, "Kata shati ya Baba."

Hakunichapa. Alitoka nje, akakaa uani karibu na mawe ya jiko mpaka nikaona haya kumfuata. Nilijua mwiko, sikuwa mpumbavu. Nilijua kwamba ukikata nguo ya aliyesafiri unamkatia njia. Lakini nilipima kwa akili yangu: njia ina faida gani kama kuvrefe imemshika? Kwanza iishe, aachiwe, habari ya njia tutaijua baadaye. Sikumweleza hesabu hiyo. Nilidhani anaijua, kwani yeye ndiye aliyeniambia.

Baba Mkubwa alikuja Jumapili. Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye sauti nene, na alimpenda mdogo wake, hilo lisitiliwe shaka. Kwetu msiba una mlango wa kuingia na mlango wa kutoka. Mlango wa kutoka tunauita kuganduka, siku ukoo unapokutana, unakunywa, unasema yaliyobaki kusemwa, na waliofiwa wanaruhusiwa kurudi kuwa watu kama wengine. Bila kuganduka mjane hajamaliza na marehemu hajamaliza. Lakini utaanzaje kutoka katika msiba ambao hukuingia, hakuna mwili, hakuna kaburi? Baba Mkubwa alikuwa amelifikiria. Alisema ukoo umekubali. Aliongea kwa upole mrefu, akazunguka, mwisho akasema alichokuja kusema. "Shemeji, hatuwezi kukaa hivi. Tumulilie mutoto wa mama, tufanye kuganduka, watu wapumue. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Lake liko," Mama akasema. "Niko nalo hapa ndani."

Baba Mkubwa alikunywa chai yake ikaisha, akaaga. Lakini maneno huwa yanabaki baada ya aliyeyasema kuondoka. Mama alisimama barazani akitazama chini Kamenge mpaka nikamvuta nguo. Alfajiri ya siku iliyofuata aliingia chumbani, akasukuma mlango, na safari hii alitoka na shati mkononi.

Nilidhani nimeshinda. Nilimkimbilia kumletea mkasi. Alilitandaza mezani, akalinyoosha mikono yake miwili kama unavyomnyoosha mtoto aliyelala, akalinyunyizia maji kwa vidole na kulipiga pasi, polepole, na harufu yote ya Baba ikapanda mara moja ikajaa chumba. Nilitazama mlangoni. Niliamini kabisa kwamba amesimama pale. Mama alikuwa amefumba macho, anavuta pumzi, anavuta, haitoi. Kisha akaweka kile kipande cha boksi la sabuni mgongoni mwa shati, pale panapokuwa katikati ya mabega ya mtu, akakata. Mkasi ulitoa mlio mmoja mrefu mkavu. Mwanamke yule alikuwa anamzika mumewe mezani kwetu, na mimi nimesimama kando yake nimeshika kikapu, nangoja mgeni.

Mraba ulishonwa siku ile, ukapigwa bandi, ukapitishiwa mistari, na upindo ukazungushwa. Mama hakuwahi kushona kwa haraka hivyo. Usoni alikuwa amepoa kabisa, nikaona ni uso wa mtu anayekaribia kufika. Alipokata uzi wa mwisho kwa meno alitandaza kazi nzima kitandani kwao, akaipapasa mara moja, akaenda kulala ukumbini kwenye kiti.

Kesho yake niliamka kabla yake. Nikanawa, nikapaka mafuta miguu mpaka ikang'aa, nikavaa viatu vya Jumapili, nikakaa kwenye kizingiti nikitazama njia ya vumbi. Watu walipita kwenda kazini. Niliwasalimia wote. Mama alitoka akanikuta, akaniuliza namngoja nani.

"Baba."

"Nani amekuambia Baba anakuja leo?"

"We mwenyewe. Ulisema kuvrefe ikiisha atarudi. Na jana tumeimaliza."

Niliona midomo yake ikilijaribu lile neno, mara ya kwanza, mara ya pili, halafu macho yake yakageuka polepole kuelekea chumbani, kitandani. Aliniuliza kuvrefe ni kitu gani. Nilishangaa kuulizwa na fundi mwenyewe. Nikanyoosha kidole, nikamwambia ni ile pale, ya kufunika moto, na kwamba Baba alinifundisha. Akatoa sauti iliyoanza kama kicheko. Ilipofika katikati haikuwa kicheko tena, akaifunika kwa kiganja.

Nilifikiri nimekosea kitu. Nilimfuata chumbani. Alikuwa amepiga magoti sakafuni kando ya kitanda, upande wa miguuni, ana wembe mkononi, na alikuwa anafumua. Alifumua upande mmoja wa ule mraba wa shati, mshono kwa mshono, kwa uangalifu zaidi kuliko alivyoshona, mpaka kitambaa kikaachana na kipande cha jirani na kubaki wazi kama mfuko. Akanishika mkono akaingiza vidole vyangu mle ndani, nikaligusa blanketi kuukuu.

"Uliona vibaya," akasema. "Haijaisha. Unaona? Hapa bado."

"Utashona lini?"

"Bado," akasema. "Acha hiyo fasi iwe wazi. Apite."

Nikavua viatu nikaenda kucheza. Sikulia. Bado ni neno jema kwa mtoto, linamaanisha kwamba kitu kinakuja.

Tulilala chini ya ile kuvreli miaka mingi, mimi na yeye, kitanda kimoja, mimi upande wa Baba. Mguu wangu ulikuwa unaitafuta ile pembe gizani na kidole gumba kinaingia kwenye uwazi. Kulikuwa na baridi mle, au nilidhani hivyo. Mara nyingine nilihisi blanketi linavutwa kidogo kutokea miguuni, polepole, kama mtu mrefu anayejaribu kuingia bila kuamsha watu, na nilijikunja ili apate nafasi. Nilipofika darasa la kujua mambo, mwalimu alituandikia ubaoni kuvrefe na maana yake. Watoto wenzangu walinakili. Mimi niliona ubao unarudi nyuma. Nyumbani sikumwambia Mama kwamba najua, naye hakuniuliza.

Baba Mkubwa alikuja tena kwa habari ya kuganduka. Mama alimwambia bado, kuvrefe haijaisha. Akasema kuvrefe na msiba ni wapi na wapi. Mama akampeleka mpaka kitandani, akamwonyesha ile pembe, akamweleza kosa langu lote tangu mwanzo. Nilisikia kutoka ukumbini, nikiomba ardhi inimeze. Baba Mkubwa alitoka huko ameshika kofia yake kifuani. Tangu hapo kila alipokuja, baada ya salamu na chai, aliuliza neno moja tu, "Bado?" na Mama alijibu, "Bado," na wakazungumzia bei ya mbao. Saa ya kuingia ndani ilisogezwa mbele, ikarudishwa nyuma, ikasogezwa tena. Moto uliacha Kamenge ukaenda milimani, ukarudi. Watoto wakazaliwa wakafika shule bila kujua kwamba mtu anaweza kutembea usiku.

Siku radio ilipotangaza kwamba imeondolewa, nilikuwa msichana mkubwa na Mama alikuwa anavaa miwani. Alikuwa anasahihisha kazi za wanafunzi. Aliweka kalamu chini, akasikiliza mpaka mwisho, akasikiliza ikirudiwa kwa Kirundi, kisha akaniambia nimtungie uzi, macho yake hayaoni tundu la sindano. Nilitunga. Aliingia chumbani akapiga magoti mahali pale pale, na alikaa huko muda mrefu kuliko mshono ule mfupi ulivyohitaji. Alipotoka jua lilikuwa limekwisha kuzama.

"Nenda kwa baba yako mukubwa," akasema. "Mwambie imeisha. Waje."

Nilimwambia nje ni giza. Akasema, "Si ndiyo wamesema tutembee?"

Sikuwa nimewahi kutembea gizani maishani mwangu. Watu walikuwa wamejaa njiani wanacheka bila sababu, watoto wanakimbia huku na huku, baa zimeweka viti mpaka barabarani, na mimi niliteremka mpaka Kigobe nikishika ukuta wa kila nyumba. Baba Mkubwa alikuwa barazani kwake peke yake, ana chupa ya bia na radio amefungulia sauti ya juu kabisa. Nilimwambia kwamba Mama amesema nije nimwambie kuvrefe imeisha.

Akacheka, akanisogezea kiti. "Nimesikia, mama yangu. Toka saa kumi wanatangaza hiyo."

"Apana, Baba Mukubwa," nikasema. "Ile ya Mama."

Alinitazama. Akanyoosha mkono akazima radio, kisha akainama na kuanza kutafuta viatu vyake.